Kona ya Chini ya Mto

Jeneza la mama liligota ukutani chini ya mto, na kwa muda hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba halipiti. Tuliolibeba tulikuwa tumeinama, maana paa la handaki lile halimruhusu mwanamume mrefu kusimama wima, na maji yaliyochuruzika kwenye kiungo cha zege yalitulowesha shingo. Juu yetu mto Lunyasi ulikuwa umejaa. Tulisikia magogo yakiburuzwa juu ya zege. Nyuma yangu mtu mmoja alianzisha tena wimbo wa kanisani, akaona hauitikiwi, akaacha.

"Lilazeni ubavu," alisema baba mdogo Hermenegildi kutoka nyuma kabisa, kwenye nafasi ya kutosha.

"Ubavu alale nani, baba mdogo?" nikamuuliza.

Tulirudisha nyuma, tukasukuma tena. Tulijaribu kuinua upande wa kichwa, kisha upande wa miguu. Jeneza liligonga paa, likagonga ukuta wa kushoto, likagonga ukuta wa kulia, na kila lilipogonga nilimsikia mama akisogea ndani. Hapo nikawaambia waliweke chini.

Inabidi nieleze kona ile, maana wageni wanaofika Ifakara kwa mambo ya mpunga au ya hospitali hupelekwa kuitazama na kuchekeshwa nayo, na huambiwa kila sababu isipokuwa ya kweli.

Lunyasi si mto mkubwa. Kiangazi mtoto anauvuka ndala zikiwa mkononi. Masika unashuka na mchanga wa milimani, na mchanga ule umejaza sakafu ya mto mwaka baada ya mwaka, nasi tumekuwa tukinyanyua matuta ya kingo ili usitumwagikie, mpaka siku moja tukagundua kwamba mto unapita juu kuliko mashamba yetu. Ukisimama kwenye majaruba yako ya mpunga unatazama maji kwa kuinua kidevu. Madaraja yote ya miti yalichukuliwa. Hata lile la chuma, tulilolizindua kwa ngoma na pilau, gogo moja la masika lililikunja na kulitupa chini huko kwenye matete.

Ndipo akaja mhandisi wa mradi wa wafadhili, kijana mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema kwa kuwa mto uko juu, basi watu wapite chini. Mkutano mzima ulimcheka. Handaki la waenda kwa miguu, bondeni kwetu, ambako hata choo ukichimba kinajaa maji? Lakini alichora mchoro kwa kijiti mchangani na mchoro ukaeleweka. Kiangazi mto unabanwa kwa viroba vya mchanga upite upande mmoja tu. Ule upande mkavu unachimbwa mtaro, nondo zinasukwa, zege linamwagwa la sakafu na kuta na paa, halafu panafukiwa. Kiangazi kinachofuata mto unahamishiwa juu ya kazi iliyokwisha, na upande wa pili unaanza. Mradi ungetoa saruji na nondo. Nguvu zingetoka kwetu, kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila ng'ambo ichimbe nusu yake.

Hapo ndipo mhandisi alipokosea, na simlaumu, kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Alidhani anagawa kazi. Alikuwa anagawa vita.

Sisi wa huku na wale wa kule ni watu wale wale. Wazee wetu walishuka wote kutoka upande wa Mahenge, tunabatizwa na padri mmoja, tunaoana. Labda ndiyo maana tunachukiana vizuri namna hii. Ukimuuliza mtu wa huku chanzo atakuambia ni mpaka wa shamba. Ukimuuliza wa kule atakuambia ni mahari iliyoliwa bila bibi harusi kufika. Mimi nilikulia katikati ya chuki hiyo, kwa kuwa mama yangu, Balbina, alizaliwa kule akaolewa huku, na nyumbani kwetu maneno mabaya yalikuja kutoka pande zote mbili na kukutana mezani.

Baba alipofariki, mdogo wake, huyo Hermenegildi, alitia kufuli nyumba yetu kabla ya arobaini. Alisema analinda mali ya ukoo. Mama alitoka na sanduku lake na sufuria zake, akaja kukaa na mimi mtaa wa Viwanja Sitini, kwenye vyumba nilivyopanga. Kaka yake wa kule, mjomba Venance, hakuja kumchukua. Alituma ujumbe kwamba mwanamke aliyeolewa ana kwake. Mama aliusikiliza ujumbe ule akiwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Mimi ndiye niliyepiga teke ndoo.

Mhandisi alipigilia mambo, vigingi vya kuonyesha mstari, kutoka ukingo huu mpaka ule. Kulipokucha mambo za huku zilikuwa zimesogea kuelekea kigangoni kwetu, ili mlango uangalie kanisa. Wa kule walipoona hivyo, za kwao nazo zikasogea, kuelekea kwenye gulio lao. Mhandisi alipouliza, kila upande uliapa kwamba wao hawajagusa kitu na kwamba wenzao ndio wezi. Hermenegildi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya huku. Venance alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kule. Mhandisi alirudisha mambo mahali pake, akaondoka kwenda kwenye miradi yake mingine, na alipogeuza mgongo zikasogea tena.

Mimi ni seremala. Kwenye kazi ile nilikuwa nafunga mbao za kuzuia zege, upande wa huku kwanza, na kiangazi cha pili nikaitwa upande wa kule kwa sababu hawakuwa na fundi mwingine. Mama alikuwa akiuza togwa juu ya tuta, akiwahudumia wote, na wote walikunywa. Zubeiri, rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ndiye aliyetuazima pampu ya kutoa maji, na mara nyingi alikuja mwenyewe kuikalia kwa kuwa hakutuamini. Alikuwa na haki.

Siku ya kuunganisha, watu wa pande zote mbili walijipanga kwenye matuta kama wanaosubiri mechi. Vijana wa kule walichimba mpaka katikati ya mto, mahali ambapo ukuta wa nusu yetu ulipaswa kuonekana. Walikuta mchanga. Wakachimba zaidi, mchanga. Mwishowe mmoja akachimba kando, kwa hasira tu, na sepeto ikalia kwenye zege. Nusu yetu ilikuwa pembeni, imepishana na yao kwa urefu wa mtu aliyelala.

Halafu zilianza lawama, mawe yakaokotwa, na ni katika kelele hizo mama alisimama na kata yake ya togwa mkononi akasema, bila kupaza sauti sana:

"Mmechimba kama watu wanaovutana shuka kitandani. Sasa miguu ya wote iko nje."

Watu walicheka, wa huku na wa kule, na wale wenyeviti wawili walisikia wanavyochekwa. Venance alitema mate. "Huyu si wa kwetu tena," alisema.

"Wala si wa kwetu," alisema Hermenegildi.

Nadhani hilo ndilo neno pekee walilowahi kukubaliana katika maisha yao. Mama aliosha kata, akafunika ndoo, akaondoka. Tangu siku hiyo kaka yake hakumsalimia tena hata walipokutana kanisani. Alipita mbele yake kama anapita mbele ya nguzo ya umeme.

Mhandisi alitaka nusu moja ivunjwe. Hakuna aliyekubali kwamba nusu ya kuvunjwa ni yake. Mawingu yalikuwa yanajikusanya milimani, na mradi ulikuwa unafungwa, kwa hiyo niliagizwa nifunge mbao za kipande cha kukatisha, kuta mbili fupi za kuunga nusu hii na ile. Unakwenda moja kwa moja, unapinda ghafla, unapiga hatua chache, unapinda tena. Mwenye baiskeli huisimamisha kwa gurudumu la nyuma na kuizungusha. Mwenye gunia huligeuza na kuliburuta. Siku ya uzinduzi wazee wa huku waliingia kwa mlango wao wakafika kwenye kona wakarudi, na wa kule wakafanya vivyo hivyo. Mpaka mama alipofariki, wale wenyeviti wawili hakuna aliyewahi kuvuka kona kuingia nusu ya mwenzake.

Moyo wa mama ulianza kuchoka mwaka juzi. Alivimba miguu, akakonda kwingine kote, akalazwa. Wauguzi walimpenda kwa sababu aliwatania. Mimi hakunitania. Siku moja, nikiwa namlisha uji, aliniwekea mkono kwenye kijiko.

"Beatus, mimi nizike kule, kando ya mama yangu. Usinirudishe kwa mtu aliyenifungia mlango."

"Na mjomba?"

"Siendi kwa Venance. Naenda kwa mama."

Akanywa uji. Hakulitaja tena, na hakukuwa na haja. Nilijua kwamba hilo ndilo jambo pekee aliloniomba tangu nizaliwe, na kwamba ningelifanya hata kwa ngumi.

Alifariki mto ukiwa umefurika na barabara ya kuzungukia imekatika. Mama akiwa hai hakuna upande uliomtaka. Sasa kila upande ulimdai. Venance alichimbisha kaburi kule siku ile ile, kando ya bibi, bila kuniuliza, bila kuja hata kuutazama mwili. Hermenegildi naye alikuja hospitali na wazee wa ukoo na jeneza juu ya gari, jeneza pana, refu, linalong'aa, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Mama alikuwa mfupi. Nilimuuliza kwa nini refu namna ile.

"Shemeji yangu hawezi kuzikwa kwenye kiboksi," alisema. "Watu watatuonaje?"

Nilimwambia mama anazikwa kule. Nilitegemea ugomvi, na nilikuwa tayari, nilikuwa nautaka. Akainua tu mabega. "Mpelekeni," alisema. "Ila katika jeneza hili la ukoo." Nilipaswa kushangaa, lakini nilikuwa sijalala, na kulia kulinifanya mjinga. Mpaka leo naamini alilipima. Sina ushahidi. Najua tu kwamba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na kwamba upana wa kona ile aliufahamu vizuri.

Basi ndivyo tulivyofika pale, jeneza chini, maji yakituchuruzikia shingoni. Na sasa Hermenegildi alipata sauti.

"Mungu ameonyesha njia," alisema. "Arudi, azikwe kwa mumewe. Kaburi tunalichimba sasa hivi. Udongo wa huku umelainika."

Wazee wa huku wakaitikia kwa kuguna. Kutoka upande wa pili wa kona, ambako hatukuweza kuona, ikaja sauti ya Venance. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikinielekea mimi tangu siku ya lile neno la mama la kuvutana shuka.

"Mnachelewa nini? Kaburi letu liko wazi, na jua linashuka. Msipomleta tunazika mgomba."

Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi, litaita mtu mwingine wa nyumba ile. Kwa hiyo mwenyewe asipofika, unakatwa mgomba, unafungwa nguo, unashushwa, unafukiwa, na watu wanalia kidogo ili ardhi iamini. Wakishazika mgomba pale, mahali pale pamekwisha kuchukuliwa. Mama yangu asingekuwa tena na nafasi kando ya mama yake, ila mgomba ungeoza humo kwa jina lake. Nilielewa kwamba mmoja anataka kuuzuia mwili na mwingine anataka kushinda tu, na kwamba hakuna hata mmoja anayemfikiria aliyemo ndani. Niliwachukia sana. Nasema hivyo kwa utulivu, sasa ninapoandika, lakini pale utulivu sikuwa nao.

Zubeiri alikuwa ameshika kishikio cha upande wa miguu. Aliniinamia.

"Mtoe," alisema.

"Nini?"

"Mtoe kwenye sanduku. Kwetu mtu anashuka na sanda yake tu, na ardhi inampokea."

"Hayo ni mambo yenu ya Kiislamu," alisema Hermenegildi. "Huyu alibatizwa."

"Alibatizwa yeye," nikamwambia. "Jeneza halikubatizwa."

Nikachukua bisibisi mfukoni, maana fundi hatembei bila bisibisi hata msibani, nikafungua kifuniko. Kuna waliogeuza uso. Kuna mwanamke aliyeanza kulia kwa nguvu, kilio cha kweli, na kikapita kwenye kuta zile na kurudi. Mama alikuwa amefungwa shuka jeupe, na juu yake kitenge chake cha kijani. Nilimshika mabegani, Zubeiri akamshika miguu. Alikuwa amekakamaa. Dawa za mochwari na baridi zilimfanya awe mnyoofu, asiyekunjika, na nilipofika naye kwenye kona nikaona kwamba amelala hivyo naye hapiti.

Lakini mama alikuwa mfupi. Jeneza lilikuwa refu kuliko paa, mama hakuwa.

Tulimsimamisha. Nilipitisha mikono yangu chini ya kwapa zake, kifua changu mgongoni mwake, na Zubeiri akamwekea miguu sakafuni, taratibu, kama unavyomsaidia mgonjwa kushuka kitandani. Kichwa chake kilinifika kidevuni. Tulipinda kona ya kwanza. Kwenye kile kipande cha kukatisha palikuwa pa kutosha mimi na yeye tu, Zubeiri ilibidi aachie. Ili tupinde ya pili alihitajika mtu wa kumpokea kwa mbele.

"Njooni mumpokee," niliita.

Niliona mwanga wa tochi za simu ukicheza ukutani, na vivuli vya watu waliosimama wanatazamana. Mimi nilikuwa nimemshika mama, uzito wote uko mikononi mwangu, juu yetu mto unanguruma, na watu wa kwao waliomchimbia kaburi wanaogopa kuingia hatua chache upande usio wao.

"Venance," nikaita. Sikusema mjomba. "Njoo umchukue dada yako, au niwaambie watu wote waliopo kwamba kaburi lile uliuchimbia mgomba, si yeye."

Viatu vilisikika majini. Akatokea kwenye pembe, amevua kofia. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani. Alinyoosha mikono kana kwamba anapokea mzigo, na mikono ikamsaliti, kwa sababu mtu aliyesimama huwezi kumpokea kama mzigo. Ilibidi amkumbatie. Nikamwachia polepole, na mama akamwegemea, paji la uso likaangukia juu ya ukosi wa shati lake.

"Rudi nyuma sasa," nikamwambia. "Taratibu."

Hakurudi.

"Mjomba, rudi nyuma."

"Ngoja," alisema.

Nilingoja. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Alimshika mgongo kwa viganja vyote viwili na kumpapasa kile kitenge, juu na chini, juu na chini, na sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo sana.

"Amekuwa mwepesi."

"Amekuwa mwepesi tangu mwaka juzi," nikamwambia. "Hukuwepo."

Sikumwonea huruma. Nilitaka aendelee kumshika mpaka mikono imfe ganzi, mpaka jua lituchwee wote humo ndani. Ila kaburi lilikuwa linangoja, nami nikamsukuma kifuani kwa kiganja, na akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, akiwa amemkumbatia dada yake ambaye miguu yake iliburuzika kidogo kwenye maji. Akapinda naye ile kona ya pili na kutoka naye mpaka mwangani. Vijana wa kule walipoona ni nini wanaletewa, walivua mashati yao wakayatandika kwenye matope bila kuambiwa.

Tulimzika ndani ya mkeka, kando ya bibi, jua bado lipo. Katekista aliuliza kama kuna neno la familia. Venance alisogea mbele, akajikohoza. Nikamwambia katekista kwamba huyu hana neno, aendelee na sala. Wapo walioona nimekosa adabu mbele ya mkubwa wangu. Mjomba mwenyewe alirudi nyuma, mbele ya shati lake pameloa. Baadaye alinitafuta kwenye msongamano wa watu wanaonawa mikono na kuninyooshea mkono. Mikono yangu ilikuwa na udongo. Niliendelea kunawa mpaka akachoka kungoja.

Nilirudi peke yangu kwa handaki lile lile. Zubeiri alikuwa ametangulia kuleta gari. Nilipotoka mlango wa huku, waombolezaji wa ukoo wetu walikuwa wamekwisha kutawanyika, na Hermenegildi alikuwa amebaki kwenye tuta, na jeneza pembeni yake, wazi, kifuniko kimewekwa kwenye nyasi. Sijui lilitolewaje humo. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Sasa hili tunalipeleka wapi?" aliniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Nadhani kweli hakujua, maana hakuna duka linalolirudisha na hakuna nyumba inayokubali kulala nalo.

"Liweke kwako, baba mdogo," nikamwambia. "Kwenda kwako hakuna kona."

Alinitazama. Mvua ikazidi. Nilishuka tuta kuelekea kwenye gari, na nilipogeuka alikuwa ameshika vile vishikio vya dhahabu kwa mikono yote miwili, mzee mtu mzima, peke yake, analiinamisha jeneza upande mmoja ili maji yamwagike.